Nilichofuta Ubaoni



Kama uliwahi kukaa darasani kwangu siku ya Jumamosi kabla ya mwezi wa kumi mwaka juzi, nakuomba utafute daftari lako la zamani na ufungue kurasa za mwanzo. Huenda ukakuta sentensi hii kwa mwandiko wako, imenakiliwa kutoka ubaoni: "Kiswahili kilizaliwa kwa kuchanganya Kiarabu na lugha za Kibantu, nusu kwa nusu." Chini yake huenda ipo nyingine: "Miji ya kale ya pwani ilijengwa na wageni waliokuja kwa majahazi." Nilikuwekea alama ya vyema kwa kuziandika bila kosa la tahajia. Sasa chukua kalamu uzikate, mstari mmoja tu juu ya kila moja, ili bado zisomeke. Zote mbili hazikuwa sawa, na aliyekufundisha ni mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaenda kusomea uuguzi, na miaka ikapita nikajikuta huku Uingereza. Historia niliyokuja nayo ni ile ya shuleni: vita vya Maji Maji, uhuru, Azimio la Arusha. Habari za pwani ya kale tulizipitia haraka, mtihani ulikuwa karibu. Hizo sentensi mbili sikumbuki nilizisoma wapi, na nadhani sikuzisoma popote. Ni maneno ambayo kila mtu huyasema, basi na mimi nikayasema. Nilipoombwa kusaidia shule yetu nilikubali kwa sababu Kiswahili ni lugha yangu, nimezaliwa nayo kisiwani Mafia. Haikunipitia akilini kwamba mtoto angeniuliza lugha hiyo imetoka wapi.

Mwezi huo wa kumi nilikwenda maktaba ya mji kutoa nakala za karatasi zenu za mazoezi. Mlangoni palikuwa na tangazo: jioni sita za mihadhara juu ya historia ya Bahari ya Hindi, kila Jumanne kuanzia saa moja usiku, kwa watu wazima wote, hakuna mtihani. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonivuta. Nikabadilishana zamu na wenzangu, nikawalipa kwa Jumapili mbili, nikajiandikisha.

Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango. Wodini naweza kumuuliza daktari bingwa swali lolote bila kutetemeka, lakini pale chumbani nilijiona kama niliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Tulikuwa kama watu ishirini, wengi wastaafu. Palikuwa na mzee aliyewahi kuendesha mabasi ya mji huu, na mama mmoja aliyefuma soksi mwanzo hadi mwisho bila kuziangalia. Mhadhiri naye alikuwa mstaafu, alifundisha chuo kikuu, na ujanani aliwahi kufika Kilwa. Alitamka "Kilwa" vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jioni hiyo alieleza pepo: kaskazi inavyosukuma vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu, na kusi inavyovirudisha. Hayo niliyajua, maana Mafia hata mtoto anazijua pepo zake. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwaka 1944 mwanajeshi mmoja, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini kabisa mwa Australia, aliokota mchangani sarafu tano za shaba zilizotengenezwa Kilwa. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Nilirudi nyumbani nikawaamsha wanangu kuwaambia. Walikasirika, kesho yake ilikuwa shule.

Jioni ya pili ndiyo iliyonimaliza. Mhadhiri aliandika ubaoni neno moja kwa lugha nyingi: mtu, watu, kwa Kizulu umuntu, abantu, kwa Kinyarwanda hivyo hivyo, kwa Kichewa munthu, anthu, kwa Kilingala moto, bato. Akasema ukitaka kujua ukoo wa lugha, usihesabu maneno iliyoyakopa sokoni. Angalia inavyojenga sentensi zake. Chukua "ninakupenda": ni, na, ku, penda, vipande vinne vimeshikana kuwa neno moja. Kiarabu hakijengi hivyo. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, wala si nusu. Ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na wataalamu huliita kundi hilo Sabaki, kwa jina la mto ulioko Kenya. Jina lenyewe "Swahili" ndilo la Kiarabu, lenye maana ya pwani. Maneno ya Kiarabu tunayo mengi sana, hilo halina ubishi, lakini tumeyaingiza katika sheria zetu. Fikiria neno "kitabu". Mwarabu akiwa na vitabu vitatu au zaidi atasema kutub. Sisi tulisikia "ki" mwanzoni, tukaona huyu ni mwenzetu na kiti na kisu, tukasema vitabu.

Hesabu na wewe, moja hadi kumi. Katika hizo, zilizotoka Kiarabu ni tatu tu: sita, saba na tisa.

Kisha akafika kwenye miji. Katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, wanaakiolojia walichimba katika miaka ya 1980 wakashuka tabaka baada ya tabaka. Juu palikuwa na nyumba za mawe ya matumbawe. Chini yake palikuwa na nyumba za udongo na miti. Na chini ya misikiti ya mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi, kutoka karne ya 8. Maana yake mji haukushuka na jahazi ukiwa tayari umejengwa. Ulikua pale pale, kutoka kijiji cha watu wa pwani, kizazi kwa kizazi, huku wageni wakija, wakifanya biashara, wakioa, wakikaa.

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nikiwaza daftari lako.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nikaandika zile sentensi mbili ubaoni kama zamani. Mlipokaa nikazifuta mbele yenu, nikasema nilikosea, nikaeleza kwa nini. Wengi wenu mlichukulia kawaida tu. Binti mmoja wa miaka kumi, mwenyewe anajijua, aliinua mkono: "Kwa hiyo mwalimu umekosea miaka mitatu?" Nikasema ndiyo. "Na zile alama zetu?" Nikasema alama zinabaki. Akaridhika.

Aliyekosa kuridhika ni mama mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, ingawa ameniruhusu kuisimulia habari hii. Ni mtu wa Unguja, mkubwa kwangu kwa umri, na namheshimu. Alinisubiri kwenye maegesho ya magari. "Mwalimu," akaniambia, "sisi kwa baba ni Washirazi. Babu yangu kanambia, na yeye kaambiwa na babu yake. Watoto wangu hapa wanaitwa kila jina. Kitu kimoja cha kujivunia nilichowapa ni asili yao, na leo wamerudi nyumbani wananambia mwalimu kasema uongo."

Sikusema hivyo, na wala sikumaanisha hivyo. Lakini nilipojaribu kujieleza nilijiona sina maneno, maana nilikuwa na jioni mbili tu za mihadhara na yeye alikuwa na babu. Nikamwambia: "Dada, mimi sijui zaidi ya hapo. Jumanne kuna darasa jingine. Twende wote, umuulize mwenyewe." Alinitazama kwa muda. Akasema atatazama nafasi. Nyote mnajua maana ya jibu hilo.

Jumanne alikuwa kasimama mlangoni kwa maktaba kabla yangu, kavaa buibui lake na koti kubwa juu yake, na mkononi ana chupa ya chai ya tangawizi.

Aliuliza swali lake kabla hata mhadhiri hajaanza. Nilimtafsiria mahali pachache tu. Mzee yule hakucheka wala hakukwepa. Alianza na simulizi za Kilwa, zile za Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo, nguo nyingi za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Kwa muda mrefu, alisema, wasomi waligawanyika: wengine walizichukua hadithi hizo kama zilivyo, wengine walisema ni majigambo ya watu waliotaka kujipachika ukoo wa mbali. Halafu mwaka 2023 likachapishwa katika jarida la Nature chunguzo la vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji ya pwani na bara yake kati ya mwaka 1250 hivi na 1800. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Wakakuta kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na asili mbili. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, ilikuwa ya Afrika, na ilitoka karibu yote kwa upande wa akina mama. Sehemu nyingine ilikuwa ya Asia, hasa Uajemi, na ilitoka kwa upande wa akina baba. Na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000, zama zile zile zinazotajwa na simulizi.

Mama yule alinyamaza. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Basi babu hakusema uongo. Ila kasahau kumtaja bibi."

Nilipotafsiri, chumba kizima kiliangua kicheko, na yule mama wa soksi akaacha kufuma. Dereva wa mabasi akauliza kama ndiyo sababu lugha ilibaki ya Kibantu, kwa kuwa mtoto hujifunza kusema kwa mama yake. Mhadhiri alisema ni wazo zuri, lakini mifupa haisemi lugha gani ilizungumzwa jikoni, kwa hiyo yeye hawezi kuliapia. Jibu hilo nalo lilinifunza kitu. Mimi ningelichukua mbio nikaliandika ubaoni Jumamosi.

Jioni ya nne ilikuwa zamu yangu, ingawa sikujua. Alionyesha picha za magofu ya Kua, kwenye kisiwa cha Juani, Mafia, akauliza kama kuna aliyewahi kufika. Nilikuwa nimefika mara nyingi kabla sijaota meno ya ukubwa. Nikainua mkono. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi tuambie wewe."

Nikawasimulia kisa cha Kua na Kisimani kama bibi alivyokuwa akitusimulia. Watu wa Kisimani walimaliza kuunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa, wakalazwa mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakusema kitu. Wakangoja miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, katika chumba kilichokuwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, kimya kimya, akabaki mzee mmoja tu akiwashughulisha wageni kwa maneno. Mlango ukazibwa, na mzee yule ndani. (Wanangu wadogo mnaosoma haya, hiki ni kisa cha zamani sana, na hakuna anayejua kama kilitokea kweli. Muulizeni mzazi awashike mkono.)

Mhadhiri aliijua hadithi hiyo kutoka vitabuni. Lakini hakujua kwamba bibi, kila akifika hapo, alituuliza: "Yule mzee mnadhani alijua?" na hakutuambia jibu hata siku moja. Tulibishana juu ya mzee yule kwa nusu saa, watu ishirini na wawili, katika mji wa Uingereza ambao wengi wake hawajui Mafia iko wapi. Hakuna jambo la kitaalamu nililosema. Nilisema tu la bibi yangu. Lakini wakati wa chai mhadhiri alikuja na kijitabu chake, akaniomba niseme tena, akaandika.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mihadhara ya jioni haikuwa kitu kigeni kwetu kabisa. Bibi yangu huyo alijifunza kusoma akiwa na miaka arubaini hivi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Mafia ilikuwa moja ya wilaya chache zilizoambiwa zifute ujinga wa kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Watu wazima wakaingia kisomo baada ya kazi za shamba. Bibi alisema wanawake walikwenda na ukili wao, mikono inasuka, macho yako ubaoni. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha, ambapo watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza historia ya nchi yao, kisha wakaizungumza wao kwa wao. Miaka miwili baadaye ikaja Mtu ni Afya, kwa mtindo ule ule. Hiyo ilifikia watu wapatao milioni mbili, wakisikiliza, wakijadiliana, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo. Kama muuguzi naweza kuongea juu ya vyoo hivyo hadi usiku wa manane, lakini mhariri wa jarida hili amenionya.

Na huku nako mihadhara hii haikuanzishwa na wakubwa. Mwaka 1903 Albert Mansbridge, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 kwa kuwa kwao hawakuwa na uwezo, alianzisha pamoja na mkewe Frances chama cha elimu ya wafanyakazi, kinachojulikana kwa herufi WEA. Mwaka 1908 R. H. Tawney akaanza kufundisha madarasa yake huko Rochdale, mji wa viwanda vya nguo, na huko Longton, mji wa wafinyanzi. Utaratibu ulikuwa saa mbili: saa moja mwalimu anasema, saa ya pili ni ya wanafunzi kuuliza na kubisha. Bibi yangu angeona ni kisomo tu, pungufu ya ukili.

Sasa nakuja kwako, mzazi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi mnawaleta watoto, halafu mnakaa ndani ya magari, injini inanguruma kwa ajili ya joto, kila mtu na simu yake. Nawaona kupitia dirishani. Siwalaumu, wiki huwa imewachosha, na mimi nisingekuwa nafundisha ningelala humo humo. Lakini mtoto anaporudi garini na swali, nani atamjibu? Nilifundisha kosa kwa miaka mitatu na hakuna mzazi hata mmoja aliyenipinga. Kwa muda nilidhani ni heshima. Sasa nafikiri nanyi mlikuwa mmeyasikia yale yale niliyoyasikia mimi. Aliyekuja kunigombeza ni yule mama mmoja tu, nami namshukuru hadi leo.

Kwa hiyo yeye na mimi tumeomba ukumbi wa shule yetu jioni moja kila mwezi, Alhamisi ya kwanza, saa moja hadi saa tatu usiku. Saa moja ya kusikiliza, saa moja ya kubishana. Hakuna mtihani. Ataanza baba mmoja wa Lamu, ambaye marehemu baba yake alikuwa fundi wa kuunda vyombo. Atatuonyesha kwa mbao namna jahazi linavyoanza. Mwezi utakaofuata ni mama wa kutoka Bukavu, atatueleza Kiswahili cha Kongo na kwa nini tusikicheke. Mama wa Unguja amechukua mwezi wa tatu, ila hajaniambia atazungumza nini. Anasema tutasikia siku hiyo. Mimi ni wa nne, na Mtu ni Afya. Mhadhiri wangu wa maktaba ameahidi kuja kusikiliza, na amesema atakaa karibu na mlango.

Watoto wa miaka kumi na miwili na zaidi wanaruhusiwa, wakae nyuma, na wakiuliza swali wajibiwe kama watu wazima. Kama una kitu nyumbani, barua ya zamani, picha, kanga ya bibi, kitabu kilicholiwa na mende, njoo nacho. Usijali kama hujui habari yake.

Chai ipo. Vikombe tafadhali leteni vyenu, vya ukumbi vimebaki saba.